Kifurushi Kisichouliza

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali. Umeegemea ukuta wa duka la kutengeneza simu na unatazamana na lango la ofisi za manispaa, kiasi kwamba mtu akiingia mle na uso wa matumaini, watu wa benchi humwona, na akitoka na uso mwingine, humwona pia. Kivuli kinakaa hapo mpaka saa tano. Karibu na mlango hukaa Betri, mwenye duka, anayefungua simu za watu kwa bisibisi huku mdomo wake ukifanya kazi nyingine kabisa. Anayemfuata ni Mzee Mhuri, mchonga mihuri ya mpira, ambaye hajawahi kuamini karatasi isiyogongwa. Shangazi, muuza kahawa, hana nafasi kwenye ubao wala haitaki. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, birika miguuni, vikombe sita kwenye beseni, na hakuna neno linalosemwa hapo lisilopita kwake kwanza. Na mwishoni kabisa, kwenye ncha inayoyumba, hukaa kijana mmoja mpole wa miaka thelathini na kitu. Wanamwita Furushi.

Jina hilo alijitakia. Siku moja walimuuliza anafanya kazi gani, maana kutwa nzima yuko chumbani na kompyuta na nguo zake ni safi kila wakati. Akaeleza kwamba duniani kuna watu wanaoandika programu na kuziachia huru, kila mwenye macho azisome, kila mwenye haja azitumie. Lakini programu hizo, hasa zile za seva, zinazokaa kwenye kompyuta moja na kuhudumia ofisi nzima, huja zimetawanyika kama vyombo vya mtu anayehama. Hiki hakikai bila kile, kile kinataka kutangulia, kingine kinataka ruhusa. Yeye huvikusanya vyote, huvipanga, huvifunga pamoja, ili mwenye kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux aandike amri ya mstari mmoja tu, abonyeze, aende zake; akirudi akute nyumba imeshapangwa. Betri akamwambia basi wewe ni mbeba mafurushi. Likabaki hivyo.

Kifurushi chake kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha daftari. Mtu mmoja wa mbali, ambaye Furushi hajawahi kumwona uso, aliandika programu ya kutunza daftari la aina yoyote, la wagonjwa, la vitabu vya maktaba, la viwanja, la kuku ukitaka. Furushi akaifunga. Karani wa makaburi, ambaye ofisi yake iko ng'ambo ya barabara na ambaye huja kunywa kahawa saa nne, akasikia habari hiyo, akaomba aandikiwe ile amri kwenye kipande cha karatasi. Akavuka nayo. Haikupita nusu saa akarudi anacheka peke yake, mtu mzima mwenye mvi, kama aliyefaulu mtihani ambao hakuusomea.

— Haikuniuliza hata kitu kimoja, alisema.

Siku hiyo aliwanywesha wote. Imepita miaka miwili.

Asubuhi tunayoisimulia, Furushi alifika mapema kuliko kawaida, akaagiza kahawa, akakishika kikombe mpaka kahawa ikapoa. Hakunywa. Shangazi aliona, akamwekea macho.

Mazungumzo yalikuwa ya wafu. Yalikuwa ya wafu tangu Jumatatu, ilipojulikana kwamba daftari la makaburi la manispaa lina shimo katikati. Watu mia mbili na kumi na wawili hawamo. Si watu wa aina zote: waliozikwa na ndugu zao, wenye majina kamili na ya ubini, wote wapo, hakupungua hata mmoja. Waliotoweka ni wale wanaozikwa na manispaa kwa sababu hakuna aliyekuja kuwadai. Waliookotwa kando ya barabara. Waliotolewa mtoni. Waliofia kitandani hospitali bila mtu wa kuwashika mkono. Hao wana shamba lao, upande wa mwisho wa makaburi, na kila mmoja ana kigingi cha chuma chenye namba. Kilichokuwa kwenye daftari, mbele ya ile namba, ni tarehe, mahali alipookotwa, urefu wake, nguo aliyovaa, kovu kama analo. Jina, hakuna. Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya mtu mzima duniani, mistari mitano, na sasa hata hiyo haipo. Vigingi vimesimama. Namba zinasomeka. Namba hazina watu.

Karani alisimamishwa kazi siku ileile. Leo saa tano ataingia mbele ya kamati, na mjini wameshasema atatokea mlango gani, na pingu mikononi.

Betri ndiye aliyeanza, kama kawaida yake, bila kuinua macho kwenye simu aliyoipasua tumbo.

— Hao ni wezi wa mtandaoni. Wamekaa nchi nyingine huko, wameingia, wamechota, wamefunga mlango.

Mzee Mhuri akauliza wezi wa nchi nyingine watafanya nini na mtu wa mtoni asiye na jina. Betri akasema ndiyo uzuri wake, mtu asiye na jina unaweza kumpa jina lolote. Unamwamsha kwenye makaratasi, unamfungulia akaunti, unamchukulia pasi ya kusafiria. Kuna watu sasa hivi wamepanda ndege kwa mwili wa marehemu.

— Hujui usemalo, Mzee akamwambia. Hii ni kazi ya humo ndani. Ardhi ya makaburi imekwisha. Unamzika mtu hapa, unamfuta, mwakani unauza palepale. Utajuaje? Muhuri haupo. Zamani karatasi ilikuwa inagongwa, unaona wino, unajua mtu yupo.

— Mzee, wewe hata mvua ikikosekana utasema haijagongwa muhuri.

— Na ingekuwa kweli.

Walicheka kidogo, kicheko kifupi kisichofika machoni. Furushi alicheka nao akachelewa, akabaki anacheka peke yake, akaacha.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbali. Betri akasema pengine chini ya vile vigingi hakuna mtu hata mmoja, ni udongo mtupu, maiti ziliuzwa kwa vyuo vya udaktari na daftari likafutwa ili zisihesabiwe. Mzee akasema afadhali vyuo. Yeye amesikia, hataji kwa nani, kwamba miongoni mwa hao mia mbili na kumi na wawili kuna mmoja aliyekuwa na jina kubwa sana, na ili kumficha mmoja wakafichwa wote. Wakaanza kumtafuta huyo mmoja. Walipita kwa mfanyabiashara aliyepotea, wakapita kwa shahidi wa kesi fulani, wakafika kwa mtu ambaye Shangazi aliwakumbusha kwamba yuko hai na anadaiwa vikombe viwili.

Kisha Shangazi akasema lake. Alilisema akimimina, taratibu, kama mtu anayeongea na birika.

— Mimi naona ile mashine imewakataa yenyewe.

Betri aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

— Imewakataa vipi, Shangazi?

— Kama nilivyokataliwa mimi pale dirishani, manispaa. Nilikwenda na fomu, nafasi moja sikuijaza, sikuwa na cha kujaza. Yule binti hakunitukana. Aliisogeza tu pembeni. Nilipokwenda mwezi uliofuata haikuwepo. Mtu asiye na jina ni fomu ambayo haijaisha. Nani atunze fomu ambayo haijaisha?

Betri alicheka mpaka skrubu ikamwanguka, akainama kuitafuta kati ya matofali. Mzee akasema hizi sasa ni hadithi, mashine haina roho ya kukataa. Furushi hakucheka. Alikitua kikombe chini, bado kimejaa.

Maana yeye alikuwa anajua. Alijua tangu asubuhi hiyo, kabla hajanawa uso.

Siku mbili nzima alikuwa amejiambia kwamba tatizo ni la diski, au la umeme, au la mtu. Aliipitia programu ya yule mtu wa mbali mstari kwa mstari akaikuta safi. Halafu asubuhi akafungua asichowahi kufikiria kukifungua, yaani kazi ya mikono yake mwenyewe, ile karatasi ndogo ndani ya kifurushi inayoiambia seva iishi vipi siku ya kwanza. Akaukuta pale. Mstari mmoja. Fomu zisizokamilika: siku tisini. Na juu ya mstari, maelezo mafupi aliyoyaandika kwa mkono wake, miaka miwili iliyopita, akiwa na furaha: jibu linalowafaa wengi.

Awali halikuwa jibu. Lilikuwa swali. Programu, ukiiweka kwa mara ya kwanza, ilikuwa inauliza maswali manne. La kwanza jina la ofisi, la pili lugha, la tatu mahali pa kuhifadhi. La nne: fomu zisizokamilika zikae siku ngapi kabla ya kufutwa? Mwandishi aliliacha hilo wazi kwa makusudi, bila pendekezo, kila ofisi ijiamulie. Na watu walikuwa wanakwama hapo. Walimwandikia Furushi barua kutoka pande zote, hatuelewi swali la nne, tujaze nini, kwa nini inatuuliza. Siku moja alikileta kifurushi hapahapa dukani kwa Betri ili wakijaribu. Mzee Mhuri akavaa miwani, akapita la kwanza, akapita la pili, la tatu akalitazama akalipita, la nne likamsimamisha kama askari wa barabarani. Akalitazama muda mrefu. Akasema yeye amekuja kupanga nyumba, hakuja kuhojiwa. Wote wakacheka, na Furushi akacheka zaidi, kwa sababu aliona mzee ana haki. Kazi ya mfungaji ni hiyo, kubeba uzito ili mwingine asiubebe. Akarudi nyumbani akayajibu maswali yote manne kwa niaba ya dunia nzima, akayafunga ndani, akatoa toleo jipya. Barua za malalamiko zilikoma. Zikaanza za shukrani.

Matatu ya kwanza hayakuwa na neno, ukikosea unarekebisha. La nne halirekebishiki. Na ile programu huihesabu fomu kuwa haijakamilika kwa alama moja tu, nafasi ya jina ikiwa tupu. Ilidhani kuna mtu alianza kuandika, akaitwa, akasahau kurudi. Kwa hiyo kila alfajiri, kwa utiifu, bila kelele, seva ilipita kwenye shamba la mwisho la makaburi na kumfuta yeyote aliyetimiza siku tisini bila jina. Waliozikwa na ndugu zao iliwaruka. Miaka miwili ilifanya hivyo, na kila mwezi Furushi alijisikia mtu mwema.

Alikuwa ameshalirudisha swali. Toleo jipya alilitoa asubuhi hiyohiyo, na sasa linauliza kwa herufi kubwa. Lakini toleo jipya haliwezi kurudisha kilichokwenda. Wala hajui kifurushi kile kimewekwa wapi kwingine. Hakuna anayeomba ruhusa, na hilo ndilo lililokuwa jambo zuri kuliko yote, kwamba hakuna anayeomba ruhusa. Katika maelfu ya ofisi zilizokiweka kunaweza kuwa na hospitali ya watoto waliozaliwa na kufa kabla ya kupewa majina. Alifika hapo kwenye fikra akasimama, akavaa viatu, akaja kwenye benchi. Alikuja ili aseme. Ameketi saa nzima, na kila alipofungua mdomo, mmoja wao alimletea mwizi mwingine.

Karani alikuja saa nne na robo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na kwapani alikuwa na jalada jembamba. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa heshima, akaanzia kwa Mzee. Mzee akasogea, akampa nafasi katikati. Shangazi akampa kikombe kabla hajaomba, akamwambia leo usitoe kitu, baba, kunywa tu.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Karani mwenyewe ndiye aliyesema, akitazama lango, kwamba wamemwandalia maswali, na ameshajua swali kubwa litakuwa lipi: kama si wewe, nani? Funguo za chumba anazo yeye. Nywila anayo yeye. Alikuwa akinakili daftari kila Ijumaa kwenye kidude cha kuhifadhia, lakini kila nakala mpya iliifuta ya zamani, na hivyo nakala ina shimo lilelile. Daftari la karatasi waliliacha siku alipoweka kompyuta. Yeye ndiye aliyewashawishi waliache. Aliwaambia ni rahisi.

— Nimewaambia mimi sijafuta mtu, alisema. Nimewazika wale. Wengine tulikuwa wawili tu pale shimoni, mimi na mchimbaji. Niwafute kwa faida gani?

Betri alimpiga bega kidogo. Halafu, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mtu wa ncha ya ubao.

— Furushi, wewe ndiwe msomi wa haya mambo. Tusaidie. Kompyuta inaweza kufuta vitu yenyewe tu, bila mtu kuiambia?

Lilikuwa swali la kitaalamu, na lilimkuta Furushi katika sehemu yake iliyozoea kujibu upesi. Ulimi ukatangulia.

— Haiwezi, alisema. Kompyuta haifuti kitu bila kuambiwa na mtu.

Ilikuwa kweli tupu. Ikatua katikati ya benchi. Mzee Mhuri alishusha macho. Betri akarudi kwenye simu yake, akaanza kukaza kitu kilichokuwa kimeshakazwa. Karani alibaki amemtazama Furushi, bila hasira, kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyesita mlangoni. Kisha akakiweka kikombe chini kwa uangalifu.

— Basi, alisema. Na wewe ukisema hivyo, wao watasemaje?

Akalichukua jalada, akaanza kuinuka.

— Kaa, mzee wangu, Furushi akasema. Aliyeiambia ni mimi.

Wengine hawakuelewa mara moja. Ilibidi aseme tena, na safari hii alisema yote, kuanzia swali la nne, bila kupamba, sauti yake ikienda ikikauka. Alieleza siku tisini. Alieleza nafasi ya jina. Alieleza kwamba hakukuwa na mwizi, hakukuwa na mnunuzi wa maiti, hakukuwa na mtu mkubwa aliyefichwa. Kulikuwa na yeye, na alitaka iwe rahisi.

Bisibisi ya Betri ikasimama.

Betri ndiye aliyekimbilia kumfunika. Akasema hapana, kosa haliwezi kuwa lako, hulipwi hata shilingi, na hizo programu huria zote huja na maandishi kwamba hakuna dhamana, atakayetumia atumie kwa hiari yake. Yeye ameyaona kwa macho yake. Furushi akasema ni kweli yameandikwa. Mzee Mhuri alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, akaifuta sana.

— Mimi ndiye niliyelalamika, alisema. Lile la kuhojiwa. Ni mimi.

— Ulikuwa na haki, Mzee.

— Usinipe haki sasa hivi, kijana.

Karani alikuwa amekaa na jalada magotini, viganja juu yake, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea, kama mtu anayeona kwamba hatafungwa. Halafu ukalegea zaidi ya hapo, ukapita mahali pa kupumua ukaenda kwingine.

— Kwa hiyo hawapo popote, alisema.

— Hawapo.

— Siku zote hizi nilikuwa naomba awe mwizi. Mwizi unamkamata. Unamwambia rudisha.

Furushi hakuweza kumtazama. Alisikia Shangazi akifunika birika.

— Ungeniuliza tu, karani akaendelea, polepole, wala hakupandisha sauti. Hilo ndilo linalonishinda. Ungeliacha lile swali liniulize. Mimi si mjinga. Ningekaa nalo siku nzima kama ingebidi, lakini ningelijibu. Ningeandika zisifutwe kamwe. Najua kuandika kamwe.

— Najua, mzee wangu.

— Hujui. Ulidhani siwezi.

Hapo Betri alitaka kusema kitu, Shangazi akamzuia kwa mkono. Furushi akayaacha maneno yale yaingie mpaka mwisho. Aligundua kwamba katika miaka yake yote ya kufunga mafurushi hakuwahi kumwona mtu wa upande wa pili akiwa anafikiri. Aliwaona wote wakiwa wamekwama tu, na akawahurumia, na ile huruma ilikuwa na dharau ndani yake ambayo hakuwahi kuionja mpaka sasa.

Mzee Mhuri alirudisha miwani usoni, akawa mtu wa kazi. Akasema jambo hili liandikwe, sasa hivi, lisainiwe, maana kamati haisikilizi hewa. Betri akaingia dukani akatoka na karatasi na kalamu. Furushi akaandika juu ya goti. Aliandika kwamba karani hakufuta mtu yeyote; kwamba kifurushi alichokiweka kilikuja na agizo lililofichwa; kwamba agizo hilo alilitia yeye, mfungaji, na hakumwambia mtu. Mzee akaichukua, akaisoma mara mbili, akauliza chini yake itagongwa muhuri gani. Furushi akasema hana muhuri. Hana ofisi. Ni mtu na chumba. Mzee aliigeuzageuza ile karatasi kama inaweza kuwa na upande wa tatu, akasema wataitupa.

— Basi nitaingia nayo mwenyewe, Furushi akasema. Niko tayari waniulize.

Karani alimtazama. Hakumshukuru, wala Furushi hakungoja. Alimwambia tu afunge kifungo cha juu cha shati, mle ndani wanapenda mtu aliyefunga.

Walikuwa wameshasimama, wawili hao, wanangoja gari lipite wavuke, mwanamke mmoja alipotoka langoni akaja moja kwa moja kwenye benchi. Alikuwa wa makamo, viatu vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo, mkononi ana mfuko wa nguo. Aliwasalimu wote. Akasema askari wa getini amemwelekeza hapa. Amwulizie karani wa makaburi.

— Ndiye mimi, dada, karani akasema.

Akaeleza kwa mpango mzuri, kama mtu aliyeeleza mara nyingi kwenye madirisha mengi na kujifunza kutopoteza muda wa watu. Anamtafuta mdogo wake. Aliondoka nyumbani kutafuta kazi, simu ikakatika, miezi ikaenda. Wameulizia kila mahali. Wiki hii, hospitali, mhudumu mmoja amemkumbuka: shati la kijani, kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakina kucha tangu utotoni. Alifika hawezi kusema, akafa siku ya pili, manispaa ikamchukua. Wamempa na wiki aliyozikwa. Ametoka huko makaburini sasa hivi. Mchimbaji amemwonyesha mstari wa wiki ile, akamwambia wiki hiyo walizika kumi na mmoja.

— Nimeviona vile vyuma, alisema. Vina namba. Nimewaletea shida ndogo tu. Mimi sitaki kumfukua wala kumhamisha. Mama ni mzee, ameniambia nikifika nisimame pale alipo nimwambie kwamba tulimtafuta. Sasa nisimame kwenye kipi?

Karani alifungua jalada lake. Ndani mlikuwa na barua yake ya kusimamishwa kazi na kitambulisho. Akalifunga. Mzee Mhuri alikuwa ametazama mikono yake. Betri alishika simu ya mtu, iliyo wazi, isiyo na kitu cha kurekebishwa. Furushi alikuwa na karatasi yenye kweli yote, kwa mwandiko wake mwenyewe, na alihisi kwamba mwanamke huyu ndiye kamati. Akatafuta ndani ya yote anayoyajua kuhusu seva na diski na nakala namba moja tu kati ya kumi na moja, na hakuipata.

Gari lilishapita. Barabara ilikuwa tupu na wangeweza kuvuka.

Mwanamke alimtazama karani, akamtazama kijana aliyesimama kando yake. Akaona ni watu waliokuwa wanakwenda mahali, akadhani amewachelewesha.

— Si lazima sasa hivi, akasema. Kama inabidi mwangalie kwanza, naweza kungoja.

Akauweka mfuko wake chini, akakaa kwenye benchi.